John Browning: Fundi wa bunduki zinazojijaza, na swali la bei yake

Novemba 26 mwaka 1926, mzee mmoja wa Kimarekani mwenye umri wa miaka 71 alifariki dunia kwa ugonjwa wa moyo ndani ya kiwanda cha silaha cha FN, huko Herstal karibu na mji wa Liège nchini Ubelgiji. Alikuwa mbali na kwao, lakini hakuwa mgeni. Alikuwa amevuka bahari ya Atlantiki mara nyingi kwenda kufanya kazi katika kiwanda hicho, na alifia katika ofisi ya mwanawe, Val.

Jina lake ni John Moses Browning. Wengi wetu tumelisikia jina Browning likitajwa kwenye habari za vita bila kujua kwamba alikuwa mtu wa nyama na damu. Kwa miaka mingi wasemaji wa Kifaransa walilitumia neno hilo kwa maana ya bastola yoyote ile, kama ambavyo sisi huita bidhaa nyingi kwa jina la kampuni ya kwanza kuzileta.

Browning alipata hataza 128. Hataza ni cheti cha serikali kinachomlinda mvumbuzi ili mwingine asichukue kazi yake bila ruhusa. Alibuni bastola, bunduki za kuwindia na bunduki za vita. Lakini makala hii inafuata jambo moja katika maisha yake: bunduki inayojijaza yenyewe, na swali ambalo kila mkulima aliyewahi kununua jembe au pampu ya dawa analijua. Je, kitu cha bei nafuu kinaweza kuwa kizuri? Na kikiwa kibaya, nani analipa?

Bunduki inayojijaza ni ipi?

Wazee wetu walitumia gobori. Gobori hujazwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu, kisha hushindiliwa kwa mdeki. Ukimkosa mnyama, atakuwa ameshatokomea kabla hujamaliza kujaza tena. Baadaye zikaja bunduki za risasi zenye ganda, ambazo mpigaji huvuta kipini kwa mkono ili kutoa ganda tupu na kuingiza risasi nyingine.

Bunduki inayojijaza, ambayo wengine huiita nusu-otomatiki, hufanya kazi hiyo bila mkono. Risasi ikilipuka, nguvu ya mlipuko husukuma mitambo nyuma. Ganda tupu hurushwa nje, springi hurudisha mitambo mbele, na risasi mpya huingia. Lakini kila risasi inahitaji kidole kivute kifyatulio upya. Hapo ndipo inapotofautiana na bunduki ya rashasha, ambayo huendelea kupiga maadamu kidole kimeshikilia.

Yote hayo hutokea kufumba na kufumbua. Springi ikilegea, ganda likikwama au risasi ikiingia upande, bunduki hugeuka fimbo tu mikononi mwa mwenyewe. Ndiyo maana katika silaha za aina hii, bei na ubora vimekuwa vikivutana tangu mwanzo.

Mtoto wa fundi

Browning alizaliwa Januari 1855 katika mji mdogo wa Ogden, Utah, magharibi mwa Marekani. Baba yake, Jonathan, alikuwa fundi bunduki aliyefika huko mwaka 1852 pamoja na waumini wenzake wa kanisa la Wamormoni. Jonathan alikuwa na wake watatu na watoto 22. Reli ilikuwa bado haijafika, na vipuri havikupatikana dukani. Chuma kilichovunjika hakikutupwa. Kiliwekwa kwenye rundo nyuma ya karakana kikisubiri kazi nyingine.

John alikulia kwenye rundo hilo. Familia yake ilisimulia kwamba alipokuwa na umri wa miaka 10 aliokota mtutu mbovu na mabaki mengine, akaunga bunduki yake mwenyewe, akaenda porini na mdogo wake Matt. Walirudi na ndege watatu wa mfano wa kwale. Baba alikula ndege hao, akaitazama bunduki ile, kisha akamwambia mwanawe kwamba kwa kijana wa miaka 10 angeweza kutengeneza bora zaidi.

Somo hilo halikumtoka. Mwaka 1878, akiwa na miaka 23, alianza kutengeneza bunduki ya risasi moja moja yenye vipande vichache na imara. Serikali ilimpa hataza yake ya kwanza Oktoba 7 mwaka 1879. Baba yake alikuwa amefariki miezi michache kabla.

John na ndugu zake walijenga kiwanda kidogo Ogden na kuanza kuziuza bunduki hizo kwa dola 25 moja. Walitengeneza takriban 600. Wateja walikuwepo, ila kazi ya kurudia kitu kilekile kila siku ilimchosha John. Alitaka kubuni.

Kampuni kubwa yabisha hodi

Mwaka 1883, bunduki moja kati ya hizo iliangukia mikononi mwa watu wa Winchester, kampuni kubwa ya silaha iliyokuwa mashariki mwa Marekani. Mkuu mmoja wa kampuni hiyo, Thomas Bennett, alipanda treni na kusafiri hadi Ogden. Alikuta vijana kadhaa ndani ya karakana ya mji mdogo. Alinunua haki zote za bunduki ile kwa dola 8,000.

Kwa miaka 17 iliyofuata, mpango ulikuwa huohuo. Browning alibuni, Winchester ikanunua kwa malipo ya mara moja. Iwe bunduki moja ingeuzwa au milioni moja, Browning asingepata senti ya ziada. Winchester ilinunua miundo 44, na mingi kati ya hiyo haikutengenezwa kamwe. Ilinunuliwa ili washindani wasiipate.

Mingine ilileta faida kubwa mno. Bunduki ya Winchester ya mwaka 1894 imeuzwa kwa mamilioni.

Bunduki ya dola 5

Kati ya kazi za Browning ipo moja ambayo haitajwi sana, lakini inaeleza namna alivyofikiri. Mwaka 1900 Winchester ilitoa bunduki ndogo aliyoibuni, ya kupiga risasi moja kisha kujaza kwa mkono. Bei yake ilikuwa dola 5.

Ili kuelewa bei hiyo, kumbuka kwamba mwaka 1914 mtengeneza magari Henry Ford alipotangaza kuwalipa wafanyakazi wake dola 5 kwa siku, dunia ilishangaa, kwa kuwa hapo awali walipata karibu nusu yake. Kwa hiyo bunduki hiyo ilikuwa sawa na vibarua vya siku chache. Wazazi wa mashambani waliwanunulia vijana wao kwa ajili ya kujifunza shabaha na kuwinda sungura.

Browning aliishushaje bei? Hakutumia chuma duni. Aliondoa vipande. Ili kuiandaa bunduki ifyatuke, mpigaji alivuta kitasa cha nyuma kwa mkono wake, na hivyo mtambo wa kufanya kazi hiyo haukuhitajika. Bunduki haikuwa na nakshi wala mbao za kifahari. Kipande ambacho hakipo hakinunuliwi, hakivunjiki na hakihitaji kusafishwa.

Katika Kiswahili neno moja, rahisi, hubeba maana mbili: kitu cha bei ndogo, na kitu kisicho kigumu. Watu husema kitu rahisi mwishowe huwa ghali, na mara nyingi ni kweli. Browning alishika maana ya pili ili aifikie ya kwanza.

Nyasi zilizolala

Wazo la bunduki inayojijaza lilimjia kabla ya hapo, mwaka 1889. Siku hiyo alikuwa kwenye mashindano ya shabaha karibu na Ogden. Mwenzake alipofyatua risasi, Browning aliona majani yaliyokuwa mbele ya mtutu yakiinamishwa na upepo wa baruti. Watu wengine walitazama shabaha. Yeye alitazama majani, akawaza kwamba ile ni nguvu inayopotea bure.

Alirudi karakana. Alichukua bunduki ya kawaida, akaweka mbele ya mtutu kipande cha chuma chenye tundu la kupitisha risasi, akakiunganisha na kipini cha kujazia. Upepo wa baruti ukakisukuma kile chuma, nacho kikavuta kipini. Bunduki ikaanza kujijaza.

Kutokana na jaribio hilo alitengeneza bunduki ya rashasha iliyonunuliwa na kampuni ya Colt. Kisha aligeukia silaha za wawindaji. Oktoba mwaka 1900 alipata hataza ya bunduki kubwa ya kuwindia inayojijaza. Kampuni ya Remington iliitoa mwaka 1906, na baadaye ikajulikana kama Model 8.

Njia mbili za kujijaza

Hapa inafaa kueleza kwa nini bunduki moja ya aina hii huwa nafuu na nyingine huwa ghali. Risasi inapolipuka, mlango wa nyuma wa mtutu ni lazima ubaki umefungwa hadi risasi itoke. Ukifunguka mapema, moto na vipande vya ganda vinaweza kumrudia mpigaji usoni.

Njia ya kwanza ni kuutegemea uzito. Kipande cha chuma na springi hukaa nyuma ya risasi bila kufuli yoyote. Kwa sababu chuma ni kizito, hakianzi kurudi nyuma haraka. Njia hii ina vipande vichache na ni rahisi kuitengeneza. Kwa risasi ndogo inafaa sana. Kwa risasi kubwa chuma hicho kinatakiwa kiwe kizito mno. Winchester ilifuata njia hii katika bunduki yake ya mwaka 1905, ikalazimika kuficha bonge la chuma ndani ya mbao za mbele, na wawindaji wakalibeba kutwa nzima.

Njia ya pili ni kufunga kwa kufuli. Katika Model 8 ya Browning, mtutu na mlango vilifungamana, vikarudi nyuma pamoja, kisha vikaachana baada ya risasi kutoka. Njia hii inahimili risasi yenye nguvu kubwa, lakini inataka vipande vingi zaidi, vilivyochongwa kwa vipimo vya karibu.

Ndiyo maana hadi leo bunduki nyingi za bei nafuu za aina hii ni zile za risasi ndogo. Mwenye kiwanda anayejaribu kuuza ya risasi kubwa kwa bei ya ile ndogo ni lazima apunguze mahali fulani: kwenye chuma, kwenye springi, au kwenye saa za mkaguzi.

Ugomvi wa mwaka 1902

Wakati huo Browning alikuwa na kazi nyingine mkononi: shotigani inayojijaza, yaani bunduki ya marisau. Aliona kwamba ingeuzwa sana. Kwa mara ya kwanza aliiambia Winchester kwamba hataki malipo ya mara moja. Alitaka mrabaha, yaani fungu dogo kwa kila bunduki itakayouzwa.

Bennett alikataa. Winchester haikuwa na desturi ya kulipa mrabaha. Mazungumzo yalivunjika, na urafiki wa karibu miaka 20 ukaisha.

Browning aliichukua bunduki yake akaenda Remington kumwona rais wa kampuni, Marcellus Hartley. Ilikuwa Januari 8 mwaka 1902. Akiwa anasubiri kuitwa, aliletewa habari kwamba Hartley amefariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo. Basi akapanda meli kwenda Ubelgiji, kwenye kiwanda cha FN ambacho tayari kilikuwa kikitengeneza bastola zake. FN ilikubali mrabaha. Bunduki hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 1903, na baadaye ikaitwa Auto-5. Remington nayo iliomba ruhusa na kuanza kuitengeneza nchini Marekani mwaka 1905.

Bei ya kukwepa mrabaha

Winchester ikajikuta haina shotigani ya kujijaza ya kushindana nayo. Ilimpa kazi hiyo mbunifu wake hodari, Thomas Johnson. Tatizo ni kwamba hataza za Browning zilikuwa zimeziba karibu kila njia. Johnson alihangaika kwa miaka mingi kutafuta pa kupita.

Kitu kimoja kilichozuiwa na hataza hizo kilikuwa kipini kidogo cha pembeni. Kwenye bunduki ya Browning, mtu hukivuta kipini hicho kufungua mlango wa risasi. Winchester isingeweza kukiweka bila kumlipa Browning. Ilitoa bunduki yake mwaka 1911 bila kipini. Badala yake, sehemu ya mtutu wenyewe ilikwaruzwa ili ishikike vizuri, na mwenye bunduki alitakiwa auvute mtutu wote kuelekea nyuma.

Risasi za marisau za enzi hizo zilikuwa na maganda ya karatasi. Yakipata unyevu yanavimba na kunasa ndani. Mwindaji akiwa kwenye kinamasi, na bunduki imekwama, aliona njia ya haraka ni kusimamisha kitako ardhini na kuusukuma mtutu chini kwa mikono miwili. Mdomo wa mtutu ulikuwa ukimtazama usoni. Bunduki ikifyatuka wakati huo, hakuna wa kumwokoa.

Watu walijeruhiwa na wengine walikufa. Wamarekani waliipa bunduki hiyo jina la utani lenye maana ya mtengeneza wajane. Winchester ilitengeneza zaidi ya 80,000 kabla ya kuiacha mwaka 1925.

Kulikuwa na maelekezo ya namna sahihi ya kuitumia, na aliyeyafuata hakudhurika kwa njia hiyo. Lakini kifaa kizuri hakimwadhibu mtu kwa kosa ambalo kila aliyechoka anaweza kulifanya. Kampuni iliokoa mrabaha. Gharama ikahamia kwa mnunuzi, naye hakuiona kwenye bei ya dukani.

Ndogo ya mwaka 1914, na warithi wake

Mwaka 1914 FN ilitoa bunduki nyingine ya Browning, ndogo na nyepesi, inayojijaza kwa risasi ndogo. Ilifuata ile njia ya kwanza, ya chuma na springi bila kufuli. Risasi zake zilikaa ndani ya kitako. Maganda yalitokea chini, si ubavuni, kwa hiyo hayakumrukia mpigaji usoni. Iligawanyika vipande viwili kwa mikono mitupu, ikaingia kwenye mfuko, na kuisafisha kulikuwa kazi ndogo. Remington ilianza kuitengeneza Marekani mwaka 1922.

Bunduki hiyo ilifungua njia kwa nyingine nyingi za aina yake. Baada ya Browning kufa, viwanda vya Marekani vilishindana kushusha bei. Mwaka 1959 Remington ilitoa moja yenye mwili wa plastiki ngumu, na wengi waliicheka hadi walipoona inafanya kazi. Mwaka 1960 ikaja Marlin Model 60, ambayo imeuzwa zaidi ya milioni 10. Mwaka 1964 ikaja Ruger 10/22, nayo imeuzwa kwa mamilioni. Hizi mbili zina mwili wa aluminiamu badala ya chuma kilichochongwa, jambo lililopunguza uzito na saa za kazi.

Wanunuzi wake walijifunza kuangalia mambo ambayo hayaonekani kwenye picha ya tangazo. Je, inameza aina mbalimbali za risasi bila kukwama? Mwenyewe anaweza kuifungua na kuisafisha? Springi na vipuri vinapatikana? Plastiki mahali pasipobeba nguvu haikuwa kasoro. Kasoro ilikuwa chuma laini mahali panapogongwa kila mara.

Ya Browning yenyewe, kwa kuwa iliendelea kuchongwa kwa chuma na kumaliziwa kwa uangalifu, ilipanda bei polepole. Bado inatengenezwa, sasa nchini Japani, lakini si ya mtu wa kipato kidogo tena.

Risasi ya Sarajevo na jina la Kariakoo

Haiwezekani kusimulia maisha ya Browning kwa kuzungumzia vipuri na bei peke yake. Juni 28 mwaka 1914, katika mji wa Sarajevo, kijana Gavrilo Princip alimuua Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria-Hungary, pamoja na mkewe. Bastola yake ilitengenezwa na FN, na aliyeibuni ni Browning. Ilikuwa ndogo, ikaingia mfukoni, na haikukwama.

Vita Kuu ya Kwanza ikazuka. Novemba mwaka huohuo mapigano yalifika Tanga. Kwa miaka minne majeshi ya Waingereza, Wabelgiji, Wareno na Wajerumani yalifukuzana katika Afrika Mashariki, na watu wetu wakalazimishwa kubeba mizigo yao. Wapagazi waliokufa kwa njaa, maradhi na uchovu walikuwa makumi ya maelfu. Mitaa ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na Kariokor jijini Nairobi imebeba jina la kikosi hicho cha wapagazi hadi leo.

Browning hakuianzisha vita hiyo, na mataifa ya Ulaya yalikuwa na sababu zao za kupigana. Lakini kitu kilichofanywa kiwe kidogo, cha uhakika na cha bei nafuu humfikia kila mtu, na hakichagui mkono.

Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, ilihitaji silaha zake. Katika jaribio la mwaka huo, bunduki yake ya rashasha ilipiga risasi 20,000, kisha 20,000 nyingine, huku maafisa wakihesabu. Serikali ilimpa dola 750,000 kwa haki ya kutengeneza silaha zake kadhaa. Waandishi wa maisha yake wanakadiria kwamba mrabaha wa kawaida ungefika zaidi ya dola milioni 12. Yule aliyekuwa amevunja urafiki na Winchester kwa ajili ya mrabaha aliipokea pungufu hiyo bila kubishana, akiona kwamba ni mchango wake kwa nchi iliyo vitani. Mwanawe Val alikuwa miongoni mwa wanajeshi waliozitumia silaha hizo Ufaransa.

Baada yake

Miaka minane baada ya kifo chake, Mei 23 mwaka 1934, polisi wa Marekani waliwavizia na kuwaua majambazi Bonnie Parker na Clyde Barrow katika jimbo la Louisiana. Miongoni mwa silaha za polisi ilikuwamo Remington Model 8. Ndani ya gari la majambazi zilikuwamo bunduki za kijeshi zilizoibwa, nazo pia za Browning. Pande zote mbili ziliutegemea ufundi wa mtu mmoja.

Kule Herstal, msaidizi wake Dieudonné Saive alimalizia bastola ambayo mzee alikuwa ameianza, na baadaye akabuni bunduki ya FAL, inayofahamika vyema na watu wa Kongo. Val naye alimalizia shotigani ya mitutu miwili iliyopandana. Zamani bunduki za aina hiyo ziliundwa kwa mkono kwa ajili ya matajiri. Browning alitaka mwindaji wa kawaida naye aimudu.

Katika nchi zetu, kumiliki silaha bila leseni ni kosa kisheria, na bunduki si kitu cha kuchagua kama redio. Hata hivyo, hesabu aliyoiacha Browning inafaa kwa panga, jiko au pampu. Muuzaji akikuambia bei ni ndogo, uliza imeshushwa wapi. Kama aliondoa kisichohitajika, umepata bahati. Kama aliondoa kinachokulinda, deni bado lipo, na huenda utalilipa wewe.

Winchester ya mwaka 1911, iliyokwepa kipini kidogo cha pembeni, ilidumu miaka 14. Auto-5 ya Browning, yenye kipini hicho, iliendelea kutengenezwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1990.